Gemu ya The Sims 4 Inajizima au Kuganda? Usiifute, Anza Hapa

Hapa Ngamiani, Tanga, haipiti wiki bila mtu kuja na laptopu kwapani na maneno yaleyale kuhusu The Sims 4, ile gemu ya kompyuta ya kuunda watu, kuwajengea nyumba na kuwaendeshea maisha. "Kaka, The Sims inafunguka halafu inajizima." "Mjomba, mtu wangu kaganda bafuni tangu jana, hatoki." "Nimeifuta nikaipakua upya, bando lote limekwisha, na bado."

Hilo la mwisho ndilo linaloniuma. Gemu tupu, bila kifurushi chochote cha nyongeza, inataka nafasi ya GB 26 kwenye diski. Hesabu ya bando piga mwenyewe. Na mara nyingi unakuwa umepakua bure, kwa sababu ugonjwa haukuwa kwenye gemu. Ulikuwa kwenye folda yako wewe, ile inayotunza nyumba na watu wako, na folda hiyo haiondoki ukifuta gemu. Inabaki palepale na ugonjwa wake, inakungoja urudi.

Kwa hiyo naandika mara moja, wa kesho nimwambie asome. Nazungumzia The Sims 4 ya kwenye Windows, maana ndiyo iliyojaa hapa mjini. Na jambo dogo la lugha: wale binadamu wa ndani ya gemu nitawaita "watu" basi. Ukipita Barabara ya Nane ukisema "simu yangu imeganda", fundi atakuuliza chaja iko wapi.

Kabla hujagusa kitu

Andaa hivi:

- Daftari na kalamu. Usicheke, utaona kazi yake hatua ya sita.
- Flashi au diski ya nje yenye nafasi ya kutosha kubeba folda yako.
- Neno la siri la akaunti unayochezea, iwe ya EA au ya Steam. Nusu ya wanaokuja hawalikumbuki.
- Luku yenye uniti. Umeme ukikatika katikati ya kuhamisha mafaili, unaongeza tatizo la pili juu ya la kwanza. Laptopu ambayo betri yake imekufa na inaishi kwa waya, ihesabu kama kompyuta ya mezani.
- Saa mbili za utulivu.
- Gemu halali. Gemu ya msingi ni bure tangu tarehe 18 Oktoba 2022, kinacholipiwa ni vifurushi vya nyongeza. Kama yako ulikopiwa na rafiki kwenye flashi, ile iliyovunjwa kufuli, sikuhukumu, lakini hatua ya saba haitakufaa na mambo mengine hapa chini hayatalingana na unachokiona. Ingia, pakua ya bure, uanze vizuri.

Kitu kimoja zaidi: fungua folda yoyote, nenda kwenye View, washa File name extensions. Bila hivyo Windows inakuficha mkia wa jina la faili, nawe utashindwa kujua lipi ni .package na lipi ni .ts4script. Hiyo ndiyo mikia ya mafaili ya modi, yaani nyongeza za kupakua wanazotengeneza wachezaji wenyewe: nguo, nywele, samani, hata tabia mpya za gemu.

Hatua

1. Andika gemu inafanya nini, na lini.

"Haifanyi kazi" si jibu. Inajizima kabla hujaona menyu? Inajizima ukifungua nyumba fulani tu? Inacheza vizuri nusu saa halafu inakata? Au haijizimi kabisa, ila watu wanasimama kama miti, nguo zina alama za kuuliza za rangi rangi, vitufe vya chini vimepotea? Kila moja ina njia yake.

Kisha andika ni nini kilibadilika mara ya mwisho kabla ya tatizo. Umeongeza modi? Gemu ilijisasisha yenyewe usiku? Mdogo wako alicheza? Jibu la "hakuna kilichobadilika" silikubaligi. Nikikaa na mtu dakika tano, kimoja hujitokeza.

2. Tafuta folda yako uikopi yote.

Iko hapa: Documents, halafu Electronic Arts, halafu The Sims 4. Ndani utakuta folda ya saves (michezo uliyohifadhi), Tray (nyumba na familia ulizoweka maktabani), Mods, Screenshots na vingine. Ikopi nzima nzima kwenye flashi. Usichague.

Angalia kitu hiki: kwenye laptopu nyingi mpya, Documents huwa imewekwa chini ya OneDrive, hifadhi ya mtandaoni ya Microsoft, bila mwenyewe kujua. Ukiona alama ya kiwingu pembeni ya mafaili, ndiyo hiyo. OneDrive ikijaa, au ikivutana na gemu juu ya faili moja, kusevu kunagoma. Nenda kwenye mipangilio ya OneDrive uzuie isishike Documents, ila hakikisha kwanza mafaili yako yote yamo ndani ya kompyuta na hayako hewani.

Kwa nini nasisitiza kukopi? Miaka kadhaa nyuma mpwa wangu alikuwa na ukoo wa vizazi vinne, bibi wa kwanza alishazikwa kwenye bustani nyuma ya nyumba, kaburi na maua yake. Akaniletea gemu inaganda. Mimi fundi mzima, kwa kujiamini, nikafuta folda ya The Sims 4 "ijitengeneze upya". Ikajitengeneza kweli, ikafunguka kama upepo. Mtoto akaangalia skrini: hakuna nyumba, hakuna bibi, hakuna kaburi. Hakulia. Alifunga laptopu polepole akaenda kwa mama yake, na kwa wiki mbili salamu yangu aliijibu kwa kichwa tu.

3. Futa localthumbcache.package.

Ni faili moja, limo ndani ya folda hiyo hiyo, si ndani ya Mods. Ni akiba ya muda ya picha na takataka za modi za zamani. Lifute bila woga, gemu italiunda jingine ikifunguka. Matatizo madogo, kama picha zisizolingana na vitu au menyu zenye majina ya ajabu, mengi huishia hapa. Jaribu gemu. Ikikubali, funga ukacheze.

4. Ficha folda yako uone gemu inasemaje.

Hii ndiyo hatua ninayoitaka uielewe kuliko zote. Gemu ikiwa imefungwa, badilisha jina la folda: The Sims 4 iwe The Sims 4 ZAMANI. Usifute. Jina tu. Halafu fungua gemu. Haitaiona folda ya zamani, itatengeneza mpya iliyo tupu, kama vile ndiyo kwanza umeinunua.

Anza mchezo mpya, unda mtu mmoja wa haraka, mwingize kwenye nyumba, cheza dakika kumi na tano.

Imecheza vizuri? Basi gemu yako ni nzima, draiva zako (programu zinazoendesha vifaa vya kompyuta) ni nzima, na tatizo limo ndani ya ZAMANI. Nenda hatua ya tano.

Imejizima vilevile? Basi modi zako hazina hatia. Ruka mpaka hatua ya saba.

5. Rudisha saves na Tray peke yake.

Funga gemu. Toa folda za saves na Tray kutoka ZAMANI, zikopi ndani ya The Sims 4 mpya. Mods iache. Fungua mchezo wako.

Ukifunguka bila shida, mshukiwa ni Mods. Ukigoma lakini mchezo mwingine uliousevu unafunguka, basi ni ile sevu yenyewe iliyoharibika, nimeielezea huko chini.

Onyo: katika hatua hii usisevu hata kidogo. Umefungua nyumba yako bila modi zake, kwa hiyo kila nguo, nywele au kochi la kupakua limeondolewa kwa muda. Ukisevu, gemu inachukulia kwamba ndivyo ulivyotaka. Angalia, toka, jibu "hapana".

6. Gawa modi nusu kwa nusu.

Hapa ndipo watu wanapochoka, kwa sababu wanajaribu modi moja moja. Mwenye modi 300 atafanya hivyo mpaka kaskazi iishe. Kugawa nusu kwa nusu, 300 zinakwisha kwa mizunguko tisa: mia tatu inakuwa mia na hamsini, halafu sabini na tano, halafu thelathini na nane, kumi na tisa, kumi, tano, tatu, mbili, moja. Jioni moja tu.

Kwanza rudisha folda ya Mods kutoka ZAMANI, iweke ndani ya The Sims 4 mpya, kisha isafishe. Ukiona faili lenye (1) mwishoni mwa jina, umelipakua mara mbili, ondoa moja. Ukiona .zip au .rar, hiyo haisomwi mpaka uifungue. Lakini .ts4script usiifungue hata kama kompyuta inakushawishi kwamba inafunguka. Na .ts4script isikae ndani zaidi ya folda moja chini ya Mods. Wapo wanaopenda kupanga, Mods ndani yake "Zangu", ndani yake "Za kazi", ndani yake "Mpya", halafu wanauliza mbona modi haionekani.

Sasa mzunguko wenyewe:

a) Tengeneza folda kwenye Desktop, iite NUSU. Hamishia humo nusu ya modi. Zile zenye mafaili mawili, .package na .ts4script za jina moja, zisitenganishwe. Zinatembea kama kobazi, mguu mmoja haukufikishi.

b) Futa localthumbcache.package. Kila mzunguko. Ukisahau, gemu inaweza kuendelea kuonyesha dalili za modi uliyokwisha kuitoa, ukamfunga asiye na kosa.

c) Fungua gemu, nenda Game Options, Other, hakikisha modi zimeruhusiwa, za kawaida na za script pia (zile za .ts4script). Kama zilikuwa zimezimwa, ziwashe, funga gemu, fungua tena.

d) Rudia lile tendo lililoleta tatizo. Andika kwenye daftari: mzunguko wa ngapi, nusu ipi, imekuwaje.

e) Tatizo limeendelea? Mkosaji yumo kwenye nusu iliyobaki gemuni. Limekoma? Yumo kwenye NUSU. Hiyo yenye mkosaji ndiyo unayoigawa tena.

Daftari ni kwa ajili ya mzunguko wa tano, simu inapoita, unarudi hujui tena ipi ilikuwa ipi.

Kuna mama mmoja wa Chuda, mpenzi wa kupika ndani ya gemu. Mtu wake alikuwa akichukua sahani tu, anasimama. Saa ya gemu inakwenda, mtoto analia sakafuni, mama kashika sahani ya saladi anatazama ukuta. Tulizunguka mara saba. Mzunguko wa saba tukabaki na faili moja: jiko. Jiko zuri kwelikweli, la kijani, kalipakua miaka miwili nyuma. Halikuwa na ubaya wowote siku ya kupakuliwa. Gemu ilijisasisha, jiko likabaki na akili za zamani. Akaniuliza, "Na siwezi kulibakisha kwa pambo tu?" Hapana.

Ukilipata lako, angalia kwa mtengenezaji kama ametoa toleo jipya. Kama lipo, futa la zamani ndipo uweke jipya. Kama halipo, liage. Na ukifika mwisho, zirudishe zote bila hilo moja uone, kwa sababu mara nyingine wakosaji ni wawili.

7. Kama hata folda tupu imegoma: rekebisha gemu, siyo kuifuta.

Kwenye EA app, nenda maktabani, chagua gemu, Manage, halafu Repair. Kwenye Steam, bofya gemu kwa kitufe cha kulia, Properties, Installed Files, halafu Verify integrity of game files. Programu itakagua mafaili yote na kupakua yale tu yaliyoharibika. Kama ni MB 200, utalipia MB 200. Hii ndiyo tofauti kati ya bando la siku na bando la mwezi.

Baada ya hapo sasisha draiva ya kadi ya grafiki kutoka tovuti ya Intel, AMD au Nvidia kulingana na yako. Laptopu yenye kadi mbili, iambie Windows itumie ile kubwa: Settings, System, Display, Graphics, tafuta TS4_x64.exe, chagua High performance.

8. Pima joto.

Hatua hii wenzetu wa nchi za baridi huipitia haraka. Sisi wa pwani tukae nayo.

Dalili yake: gemu inacheza vizuri dakika ishirini au thelathini, feni inaanza kulia kama cherehani, kisha inakata, pengine na laptopu yote inazima. Ukiiwasha muda huohuo inakata mapema zaidi. Asubuhi haina neno. Na Desemba hadi Machi, kaskazi ikivuma, hali ni mbaya kuliko Julai. Hiyo si modi wala sevu.

Itoe kitandani. Godoro na kanga vinaziba matundu ya chini, ni kama kumfunika mtu blanketi juani. Weka mezani, inua pembe nne kwa vizibo vya soda, hewa ipite. Ndani ya gemu, kwenye Graphics, washa Laptop Mode na ushushe kikomo cha fremu (picha kwa sekunde) mpaka 60, hata 30. Gemu hii si ya mbio za magari, 30 inatosha.

Kama laptopu ina zaidi ya miaka miwili haijafunguliwa, mpelekee fundi asafishe. Vumbi letu huchanganyika na unyevu wa chumvi, linaganda kwenye feni kama uji uliolala. Ukipuliza mwenyewe, zuia feni isizunguke kwa kijiti laini, ukiiacha ijizungukie kwa nguvu ya upepo unaweza kuiua.

Siku gemu inapojisasisha

Usishangae modi zako zote zikiwa zimezimwa. Gemu huzizima yenyewe kila inaposasishwa, kwa makusudi. Kosa la wengi ni kukimbilia kuziwasha dakika hiyohiyo. Subiri siku kadhaa. Modi za script, kama MC Command Center, karibu kila sasisho zinataka toleo jipya. Kuna modi ambazo ni waja leo waondoka leo, mtengenezaji kaacha zamani, hazitakuja kurekebishwa. Hizo zitoe mapema. Kwenye EA app unaweza pia kuzima kujisasisha, ukachagua siku yako mwenyewe.

Ukiona hivi, fanya hivi

*Mtu mmoja kaganda, wengine wazima.* Bonyeza Ctrl, Shift na C pamoja, kisanduku kitatokea juu. Andika resetsim, acha nafasi, jina la kwanza, nafasi, jina la pili, halafu Enter. Atashtuka, ataacha alichokuwa anafanya, ataendelea na maisha. Mwenye jina la pili refu, liandike lote kama lilivyo.

*Nguo au nywele zenye alama za kuuliza.* Umepakua rangi bila umbo lake. Rudi ulikopakulia, soma maelezo, mara nyingi wameandika kwamba faili jingine linahitajika. Watu hatusomi.

*Vitufe vya chini au saa vimepotea.* Modi inayogusa mwonekano wa skrini imepitwa na wakati. Anza na hizo kabla ya kugawa nusu.

*Inazunguka kwenye kufungua nyumba, haifiki.* Toka, fungua nyumba nyingine ya mchezo huohuo. Ikifunguka, kuna kitu ndani ya ile ya kwanza. Ikigoma pia, rudi hatua ya nne.

*Sevu haifunguki.* Usikate tamaa. Ndani ya saves, kila mchezo una nakala za akiba zenye mkia wa .ver0 mpaka .ver4, na .ver0 ndiyo ya karibuni zaidi. Ikopi nje kwanza. Halafu lile faili bovu lenye .save lihamishe pembeni, na lile la Slot_00000002.save.ver0, kwa mfano, liondolee .ver0 mwishoni. Fungua gemu. Ikigoma, jaribu .ver1. Utapoteza saa chache za mchezo, si ukoo mzima. Kwenye orodha ya kufungua michezo kuna pia kitufe cha Recover Save kinachofanya kazi hiyohiyo bila kugusa majina.

*Haikubali kusevu.* Angalia nafasi ya diski, angalia OneDrive, kisha angalia ulinzi wa Windows: Windows Security, Virus & threat protection, Ransomware protection. Kama Controlled folder access imewashwa, ruhusu TS4_x64.exe. Na kuanzia leo tumia Save As yenye jina jipya kila baada ya siku chache, usirundike kila kitu kwenye sevu moja.

*Kila kitu kizito, watu wanafikiri dakika nzima kabla ya kutembea.* Sevu ya zamani imejaa. Punguza vitu kwenye mifuko ya familia, wengine utakuta wana samaki mia nne walioanza kuwavua vizazi viwili nyuma. Kompyuta ya GB 4 za ramu itafungua gemu, lakini kwa vifurushi vingi na modi nyingi tafuta 8.

Ukipita yote na bado, niletee. Lakini usije na picha ya skrini uliyopiga kwa simu, ina ukungu na vidole. Njoo na daftari lako, na faili la lastException.txt kama lipo ndani ya folda ya The Sims 4, hilo ndilo huwa linanitajia jina la modi. Njoo asubuhi kabla jua halijapanda. Na chaja yako usiiache nyumbani.